Bunju Aliyekataa Kula

"Nipimie kamba mmoja," Mwanamina alisema.

Soko la Voi lilikuwa limefurika. Sanduku la barafu kutoka Mombasa lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa, na wanawake walisukumana kwa viwiko. Mchuuzi alimkodolea macho.

"Mmoja!" Sauti ya kiume ilicheka nyuma yake. "Bi dada, mumeo kakukosea nini?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la mistari limenyooka kwa pasi, kibanio chembamba cha chuma kikichungulia mfukoni. Hashil, fundi wa saa.

"Mume sina. Nina bunju."

"Yule samaki anayejijaza pumzi baharini?"

"Wangu ni wa maji baridi, mdogo kama haragwe. Ukitaka kucheka, cheka upesi, nina kazi."

Hashil hakucheka. Aliomba kumwona.

Bunju aliishi ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwa Aliya, shangazi yake Mwanamina. Alikula viluwiluwi wa mbu tu, tena wakiwa hai, wakijinyonganyonga. Kisichotikisika alikipa mgongo. Mwanamina, aliyesomea kazi ya maabara na kuifanya katika shule ya wasichana, alijua mwisho wake.

"Meno yake hayaachi kukua," alimweleza Hashil. "Asipotafuna kitu kigumu, yataziba mdomo. Atakufa njaa mbele ya chakula. Nami sikubali."

Hashil alitoa kibanio chake, akabana kipande cha kamba pamoja na gamba, akakitikisa majini polepole. Bunju alisogea, akageuza jicho moja, akaenda zake.

"Ana maringo kama mwenyewe," Hashil alinong'ona.

"Mwenyewe hajakataa chochote bado," Mwanamina alijibu, na shangazi Aliya akakohoa kutoka jikoni.

Wiki tatu Hashil alikuja kila alasiri, akinukia udi na mafuta ya saa. Kisha Mwanamina akaitwa semina Wundanyi, akamwachia Hashil bunju. Jioni ya kwanza alipiga simu kwenye duka jirani na la Hashil.

"Laazizi, kwa siku tatu usimpe kitu. Njaa ndiyo itakayomfundisha."

"Siku tatu? Roho yako ngumu, Mina."

"Niahidi."

"Haya, nakuahidi."

Aliporudi, alikuta mtungi wa viluwiluwi dirishani na bunju ana tumbo duara kama gololi. Meno yalikuwa yamezidi kutokeza. Mdomo ulifunguka kwa shida.

"Alikuwa akinitazama!" Hashil alijitetea. "Kwetu mtu hali huku mwenzake anamwangalia. Ningekunywaje chai mbele yake?"

"Huruma yako ndiyo itakayomzika! Nenda nyumbani, Hashil. Mtu asiyeweza kumnyima samaki hawezi kulea mtoto."

Hashil aliondoka bila kuaga, kibanio akakiacha mezani.

Mwanamina alimwaga mtungi, akafunika tangi. Siku ya kwanza alikiona kile kibanio, akakipa mgongo. Ya pili alilia bafuni, akanawa, akarudi. Bunju alizunguka kioo akiomba. Hakumpa. Shangazi alisema ni dhambi. Hakumpa.

Siku ya nne Hashil alibisha hodi, viatu vimejaa tope hadi kwenye vifundo. Alikuwa ametoka mlimani Chawia, kwenye vijito vya mashamba ya magimbi. Mkononi alishika chupa ya konokono wadogo kama mbegu za pilipili.

"Wanatembea," alisema. "Na wana gamba."

Walimwacha mmoja aanguke majini. Konokono alitoa pembe zake. Bunju alisimama, akakunja mkia, akarukia. *Tap!* Gamba lilipasuka, wakalisikia kupitia kioo. Shangazi Aliya alipiga vigelegele, ufagio mkononi.

"Konokono zangu!" Hashil alishangilia.

"Njaa yangu," Mwanamina alisema. "Juzi angewapita hao kama kokoto."

Hashil alicheka, kisha akawa makini. "Jumapili mama anakuja kuposa. Lakini yale ya mtoto yaliniuma, Mina. Niombe radhi kwanza."

Mwanamina alimtazama: tope, shati lililokunjamana, macho yaliyokosa usingizi. Alimpenda mno. Bunju alikuwa akitafuna.

"Yalikuuma, ukapanda mlima. Ningekubembeleza ungeleta mtungi mwingine wa viluwiluwi." Alifunga kifuniko cha chupa. "Mama yako na aje, Hashil, nitampikia mwenyewe. Radhi siombi."