Bwana Ongeza na Chumba cha Mama Mkwe

Jirani zangu, kaeni vizuri niwasimulie, na mwenye boksi lililofichwa chini ya kitanda asininunie, maana sijamtaja mtu.

Ilikuwa Jumapili tulivu. Nyumba ya pili, ninayoshirikiana nayo ukuta, ilikuwa inanukia sabuni. Mke wa nyumba ile, ambaye ni nesi wa wodi ya wazazi, alikuwa akianika mapazia huku akiimba. Mama yake mzazi alikuwa na mtoto wa jicho na angefanyiwa upasuaji Ijumaa ya wiki ile. Daktari alishasema: akitoka hospitali akae mahali pasipo vumbi, asiiname, asijikwae, la sivyo jicho lenyewe litapotea. Basi chumba kidogo cha uani kikatengwa kwa ajili yake. Nesi alijitwika mapazia na mashuka. Mumewe aliahidi kutoa vitu vilivyomo, kukisafisha na kukipaka rangi.

"Mume wangu, chumba cha mama kimefikia wapi?" nesi aliuliza kutoka kambani.

"Kinakwenda vizuri sana! Ila usifungue mlango, rangi haijakauka."

Rangi ile, jirani zangu, ilikuwa haijakauka kwa majuma mawili. Saruji ya daraja hukauka upesi kuliko hapo.

Wimbo wa nesi haujafika mwisho, pikipiki ya mleta mizigo ikasimama, si mlangoni kwao, bali kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kinyozi akapokea boksi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akalisukumia chini ya kiti cha wateja. Mimi nilikuwa dirishani nachambua mchele. Nilijisemea, kinyozi huyu ananyoa kwa mkasi mmoja tangu nimjue, leo anaagiza nini mtandaoni?

Mwenye boksi alikuwa mume wa nesi. Bwana huyu ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima hukaa pembeni ya wanafunzi akipiga kelele: "Breki! Shika breki!" Yeye mwenyewe breki hana. Alinunua kompyuta nzuri tu, ya kuandalia masomo ya alama za barabarani. Siku moja akaona feni ya kupoozea kompyuta, yenye taa za rangi, kwenye duka la mtandaoni, akaagiza. Feni ilipofika haikuenea, ikabidi aagize kasha kubwa zaidi. Ndani ya kasha kubwa vifaa vya zamani vikaonekana vidogo, akaviongezea vingine. Vipya vikataka umeme mwingi, akaagiza pawa saplai, kifaa cha kuvigawia umeme; umeme ulipotosha, akaagiza na kadi ya kung'arishia picha za kioo. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Bado kidogo tu, niongeze kitu kimoja." Ndiyo maana mtaani tukamwita Bwana Ongeza. Na kompyuta yenyewe, iliyokaa ubavu wazi kama mgonjwa aliyesahauliwa na daktari, ilikuwa na kazi moja tu duniani: kutafutia vifaa vya kompyuta hiyohiyo.

Mke alipoanza kulalamika, bwana hakuacha. Alijifunza kuficha. Mizigo ikawa inapokelewa na kinyozi, na mama muuza duka, na fundi viatu, kisha yeye anaipitisha uani na kuijaza kwenye kile chumba. Tabu ilikuwa mawasiliano. Kinyozi alitumia programu moja ya ujumbe. Mama muuza duka alitumia nyingine kabisa, maana aliipendea vikatuni vyake vinavyocheza. Fundi viatu alikuwa na simu ya vitufe, haijui chochote ila ujumbe wa kawaida. Bwana Ongeza akachoka kufungua mlango huu na kufunga ule. Akapata programu inayokusanya ujumbe wa simu zote na wa kila aina, ukakaa chungu kimoja kwenye kioo cha kompyuta yake. Alifurahi siku ile! Hakujiuliza kwamba chungu kimoja kikimwagika, kinamwagika chote.

Alhamisi mama mkwe akafika hospitali kwa vipimo. Nesi akamwandikia mumewe: "Mama amefika. Kesho jioni namleta nyumbani. Chumba tayari?"

Bwana alikuwa amerudi kula mchana. Jasho likamtoka. Akakaa mbele ya kioo, akawaandikia wafichaji wake watatu, na kwa haraka, badala ya kuchagua mmoja mmoja, akabofya palipoandikwa "Chagua wote". Naam, wote! Ujumbe ukaenda kwa mkewe, kwa mkuu wa chuo cha udereva, kwa wanafunzi, kwa kundi letu la mtaa, na kwa mama mkwe.

Alipogundua, nusura azimie. Akabofya "Futa kwa wote". Programu zikatii, ujumbe ukafutika, akashusha pumzi na kumalizia chakula chake. Hakukumbuka kwamba ujumbe wa kawaida haufutiki kwenye simu ya mwenzako. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mama mkwe hupokea ujumbe wa kawaida.

Sasa, mama huyu haoni vizuri, kwa hiyo simu yake imewekwa isome ujumbe kwa sauti. Alikuwa kwenye ukumbi wa kungojea, katikati ya wagonjwa wa macho, na binti yake ametoroka wodini dakika chache kuja kumsalimu. Simu ikaanza, kwa ile sauti yake isiyo na haya:

"Wenzangu. Kesho mama mkwe anakuja. Chumba chake kimejaa mizigo yangu hadi dirishani. Jioni naigawa kwenu mnifichie mpaka aondoke. Ile kadi mpya ikifika, kinyozi sema ni yako. Mke wangu asijue. Uso unaocheka mpaka machozi."

Hicho cha mwisho kilikuwa kikatuni alichobandika, simu ikakisoma kwa maneno.

"Nani huyo anacheka?" mama akauliza.

"Hakuna anayecheka, mama," binti yake akajibu.

Mzee mmoja aliyefungwa bandeji jicho moja akajisogeza. "Samahani, mama mkwe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana."

Haya nilisimuliwa na nesi mwenyewe baadaye, na nikiri, nilicheka hadi nikashika ukuta. Lakini yaliyofuata hayakunichekesha.

Jioni ile nesi alimkuta mumewe uani, amekumbatia maboksi, kinyozi amesimama kando anangoja kupakiwa.

"Hilo la nani?" nesi akauliza.

"La... la kinyozi."

"Shemeji, mimi simo," kinyozi akamwambia nesi, akirudi nyuma. "Mimi kadi ya nini? Ya kunyolea?"

Nesi akampita mumewe, akafungua kile chumba. Maboksi yalifika dirishani kweli. Chini kulikuwa na nyaya, maganda ya plastiki, na vumbi la miezi. Kopo la rangi lilikuwa pembeni, halijawahi kufunguliwa. Nesi, akitumaini labda ujumbe ulitia chumvi, alikuwa amebeba yale mapazia, yamepigwa pasi na kukunjwa. Akayatazama, akageuka, akaja nayo kwangu.

"Jirani, mama atalala kwako?"

"Karibu kabisa, chumba cha binti yangu kipo wazi tangu aolewe."

Ndipo akalia. "Si vifaa vinavyoniuma. Kinyozi anajua, muuza duka anajua, fundi viatu anajua. Mtaa mzima unajua kilichomo nyumbani kwangu, asiyejua ni mimi peke yangu." Nilimshika mkono.

Basi Ijumaa mama akaja kwangu, jicho limefungwa. Mkwe wake anakaa nyumba ya pili, na yeye analala kwa jirani! Aibu hiyo si ndogo. Jumamosi asubuhi Bwana Ongeza alipiga hodi, akasimama mlangoni macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sina ugomvi na wewe. Ila nilipoaga kwetu niliwaambia wenzangu nina mkwe amenitengea chumba. Hata rangi niliwatajia. Ulimwambia mwanangu ni rangi gani vile?"

"Ya maziwa, mama," akajibu, kwa sauti iliyosikika kwa shida.

"Ndiyo. Niliwaambia ya maziwa."

Mimi niliyekuwa jikoni niliona bwana yule alivyoondoka, anatembea kama kapigwa. Na tangu saa ile nilianza kusikia kupitia ukutani vishindo vya kuhamisha vitu. Vifaa vilivyorudishika akavirudisha dukani. Vingine akavipeleka chuo cha udereva, akawaundia wanafunzi kompyuta ya kujifunzia alama za barabarani. Mkuu wa chuo, ambaye kisa kilishamfikia, alimpokea akisema, "Karibu, uso unaocheka mpaka machozi." Alivumilia. Alifagia, akasugua, akapaka rangi, akafungua dirisha ili harufu itoke. Alipomaliza, jioni alikuja kuomba mapazia, nesi akamwambia, "Mapazia bado."

Wiki iliyofuata, siku ya bandeji kufunguliwa kabisa, mama alirudi kutoka kliniki anaona hadi mavazi niliyoanika uani. Akasema, "Nipelekeni kwenye hicho chumba. Habari zake nilizisikia kwa masikio, leo nataka kutazama."

Tukaenda sote. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, sakafu inang'aa, kuta ni za maziwa. Mama alipitisha kidole dirishani, akakitazama kwa jicho jipya, hakikuwa na vumbi. Hajasema kitu, tukasikia pikipiki. Mleta mizigo, safari hii mlangoni kwao kabisa: "Mwalimu! Ile kadi yako imefika!"

Ilikuwa oda ya zamani, iliyochelewa njiani, na kinyozi alikuwa amekataa kuipokea. Jirani zangu, tuliganda. Bwana Ongeza alilitazama lile boksi kama mtu anayemtazama mtoto wake, na mkono ukaanza kunyooka wenyewe. Nesi akainamisha kichwa.

Mkono ukasimama njiani.

"Irudishe," akasema. Akarudia kwa nguvu. "Irudishe ilikotoka, ndugu yangu."

Pikipiki ikaondoka. Mama mkwe akakaa kitandani taratibu.

"Nimeona," akasema.

Nesi alitoka, akaingia kwangu, akarudi na mapazia.

FUNZO

Kununua mtandaoni si dhambi, na kuwa na kompyuta nzuri si kosa. Kosa ni kununua mpaka mtu wako akose pa kulala. Kitu unachokihitaji unakileta mchana mlangoni kwako. Ukijikuta unamtafuta kinyozi akupokelee, jua umeshapotea njia. Na usimtegemee mtu wala programu ikufichie siri kwa mwenzi wako, maana siku ya kuvuja itavuja kwa wote. Tamaa haina "inatosha", anayeisema ni wewe mwenyewe. Shika breki, ndugu yangu, kabla mama hajalala kwa jirani.