Kuku Waliokunywa Dawa ya Njuguna

Wamaitha alikuwa akimwaga maji ya kuku, pale nyumbani kwao mtaa wa Bahati, alipoona yamegeuka mekundu.

"Baba Shiko, hawa kuku wamekunywa nini?"

Njuguna, mumewe, akajikuna kichwa. "Walikuwa wanakohoa. Nikawawekea vidonge vyangu vya TB. Si mimi nilishapona?"

Alikuwa amemeza dawa miezi miwili tu kati ya sita. Kikohozi kilipokwisha, akajifanya daktari, wa watu na wa kuku.

Haukupita muda, kikohozi kikarudi. Suruali ikaanza kumteleza kiunoni. Kohozi likapimwa tena, jibu likawa baya: TB sugu. Dawa ilipokatizwa, vijidudu vilivyobaki viliizoea. Sasa haikuviweza.

"Sindano sitaki!" akasema Njuguna. Rafiki yake mmoja aliugua TB sugu zamani, akadungwa miezi mingi. Alipona, lakini masikio yakafa. "Heri nife nikisikia jogoo wangu."

Wamaitha aliziangalia zile mbavu zake, akaogopa. Akamwita Chepkemei, mhudumu wa afya wa mtaa. Chepkemei akaja na barakoa, akawaketisha nje kwenye upepo.

"Mzee, hizo sindano sahau. Siku hizi kuna dawa mpya za TB sugu. Ni vidonge, na wengi humaliza kwa miezi sita."

"Mpya? Mnataka kuzijaribia kwangu?"

"Zilijaribiwa miaka mingi, kwa watu waliokubali wenyewe, wakipimwa kila hatua. Aliyejaribu dawa bila ruhusa ni wewe. Kuku wako walitia sahihi wapi?"

Wamaitha akacheka mpaka leso ikamlegea. Njuguna naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Na ubaya wake?" akauliza polepole.

"Miguu ikifa ganzi au macho yakififia, niambie siku hiyo hiyo. Usiache dawa mwenyewe. Na wewe Mama Shiko, mtapimwa nyumba nzima."

Njuguna akakubali. Wamaitha na Shiko, binti yao, wakapimwa, wakawa salama. Kila asubuhi Wamaitha alisimama mbele ya mumewe.

"Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi."

Kuku wakisogea, aliwafukuza. "Nyinyi mlishapata yenu!"

Miezi sita ikaisha. Kohozi likapimwa, likawa safi. Daktari akamwambia, "Mzee, umemaliza."

Kesho yake alfajiri, jogoo akawika.

"Hili jogoo lina kelele!" Njuguna akanung'unika ndani ya blanketi. "Nitalichinja!"

Wamaitha akashusha pumzi aliyoibana tangu mwaka jana.

"Lalamika, Baba Shiko," akasema. "Lalamika kwa nguvu."