Kiti cha Asiyefika

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikilia, Chiriku hakwenda nyumbani kama wenzake. Alikwenda chuo kikuu. Alipenda kuwatambia hivyo darasani, "Mimi leo naenda chuo kikuu," kisha anatembea kwa maringo kama mtu anayekwenda kufundisha huko. Hakuwaambia kwamba alikwenda kumsaidia mama yake, mhudumu wa jengo la ushauri wa wanafunzi, kazi ya kufagia na kupanga viti. Jina la Chiriku alipewa na babu yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Kazi yake ilikuwa chumba namba nne. Humo, saa kumi jioni, walikutana wanafunzi wa chuo waliolemewa na mambo: mmoja amefiwa, mwingine anatetemeka akiona karatasi ya mtihani, mwingine amepakumbuka kwao mpaka hali chakula. Walikaa duara pamoja na Mshauri, wakazungumza na kusikilizana. Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na kuhusu viti hakuwa na mzaha.

"Hesabu waliokuja wiki iliyopita, kisha ongeza kimoja," alimwagiza Chiriku siku ya kwanza.

"Hicho kimoja ni cha nani, Mshauri?"

"Cha yule ambaye bado hajafika."

Chiriku aliona huo ni usumbufu mtupu. Tangu muhula uanze, kiti hicho hakikukaliwa hata na mkoba.

Lakini si kiti kilichomkera. Kilichomkera ni kwamba Dada, dada yake wa tumbo moja, naye alikuwa akiingia chumba namba nne.

Dada alikuwa mwaka wa pili hapo chuoni, akiishi bwenini. Zamani Jumatano ilikuwa siku yao. Walikaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo wakitafuna karanga, Dada akimsuka huku akimfundisha sehemu na desimali, wakacheka mpaka Mama akawafukuza na ufagio. Sasa Dada alifika mbio kutoka kipindini, akampapasa kichwani na kusema, "Nakuja, mdogo wangu," kisha mlango ukafungwa. Baada ya saa moja na nusu alitoka macho mekundu lakini uso mwepesi, akiongea na watu ambao Chiriku hakuwajua hata kwa sura.

"Mnaongea nini humo?" Chiriku alimuuliza siku moja.

"Ya chumbani yanabaki chumbani."

"Hata mimi usiniambie?"

"Hata wewe. Hata Mama."

Chiriku akaondoka kwa hasira. Watu baki wanapewa siri, yeye wa damu anapewa kichwa kupapaswa! Alipokwenda kulalamika, Mama hakuacha hata kukamua tambara la deki. "Mwache dada yako. Muhula uliopita alikuwa halali. Siku hizi analala." Chiriku hakusikia habari njema iliyomo katika maneno hayo. Alichosikia ni kwamba Mama alijua jambo ambalo yeye hakulijua, na wivu wake ukawa mara mbili.

Jumatano iliyofuata alipanga viti tisa kama kawaida. Vyote vilikuwa vya plastiki ya bluu, na kile cha karibu na mlango kilikuwa na mguu mfupi uliowekewa kipande cha boksi. Hicho ndicho alichokikalia Dada kila wiki, kwa kuwa alifika wa mwisho. Chiriku alikitazama, akatazama huku na huku, kisha akakibeba na kukificha katika stoo ya mafagio. "Tuone atakaa wapi," alijisemea. Katika akili yake aliona Dada akisimama mlangoni bila mahali pa kukaa, kisha akirudi kwenye ngazi, kwake.

Dada akafika mbio. Chiriku akachungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Dada alisita kidogo, akaona kiti cha ziada upande wa pili, akakikalia bila shida yoyote. Duara likajaa. Chiriku alikuwa amekisahau kabisa kiti hicho. Alijibwaga kwenye benchi la ukumbini akiwa amenuna.

Dakika chache baadaye akaja msichana mwenye mkoba wa kijani. Alipita mbele ya mlango, akarudi, akapita tena. Mkononi alikuwa na kipande cha tangazo alichokibandua ubaoni, kimekunjwakunjwa mpaka kimelainika.

"Mdogo wangu," aliuliza kwa sauti ndogo, "hapa ndipo wanapokutana?"

"Shikamoo. Ndiyo, ni hapa."

Msichana akachungulia kioo. Ndani kijana mmoja alikuwa akilia, na wote, pamoja na Mshauri, walikuwa wamemwelekea. Hakuna aliyetazama mlangoni. Chiriku aliona midomo ya msichana ikihesabu viti.

"Pamejaa," akasema. "Nilijua tu hakuna nafasi yangu." Akakitupa kile kipande cha karatasi kwenye ndoo ya taka na kuondoka, akitembea taratibu kama mgonjwa.

Chiriku aliganda. Yule ambaye bado hajafika alikuwa amefika, na kiti chake kilikuwa stoo, kimeegemea mafagio.

Akikitoa, atalazimika kusema ni nani aliyekificha. Mama atajua. Dada atajua. Lakini akinyamaza, msichana yule hatarudi tena. Hilo Chiriku aliliona wazi katika mabega yake yaliyoinama. Alifungua stoo, akakitwika kiti kichwani, akatoka mbio.

"Dada! Dada wa mkoba wa kijani! Kiti chako hiki!"

Wanafunzi waliokuwa njiani walicheka wakimwona mtoto wa sare akikimbia na kiti. Yeye hakujali. Msichana aligeuka.

"Hapajajaa," Chiriku alisema akihema. "Mimi ndiye niliyekificha. Kila wiki kinawekwa kiti kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Ni wewe!"

"Kwa nini ulikificha?"

"Wivu tu. Dada yangu anawaambia wao mambo yake, mimi haniambii."

Msichana alimtazama sana. Kisha akakaa kwenye kile kiti, palepale katikati ya njia, mguu mfupi ukiyumba, akaanza kulia. Chiriku alitaka kusema neno, hata maneno mia, lakini hakuna lililofaa. Kwa mara ya kwanza akafunga mdomo na kuchuchumaa kando yake. Msichana alisema yaliyomsibu, kidogokidogo, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Usimwambie mtu," msichana alisema akijifuta macho.

"Simwambii."

Wakarudi pamoja, kila mmoja ameshika kiti upande wake. Chiriku akabisha mlango. Mshauri alipofungua, wote ndani wakasogea bila kuambiwa, na msichana akapata nafasi.

Kikundi kilipokwisha, Chiriku alisema yote mbele ya Mshauri, Mama na Dada, akitazama viatu vyake. Mama alishika kiuno. "Mtoto wewe! Na mimi nakuamini na funguo zangu!"

"Umekosa, lakini umerekebisha mwenyewe, na umesema kweli bila kubanwa," Mshauri alisema. "Kumbuka hili, mwanangu. Wivu haulengi vizuri. Ulitaka kumnyima dada yako, ukamnyima mtu usiyemjua, ambaye leo alikihitaji kiti kile kuliko sisi sote."

Baadaye Dada alimkuta kwenye ngazi za nyuma, akakaa kando yake.

"Nilifeli mtihani," akasema. "Nilikuwa silali, nawaza tu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka abaki mtu mmoja ambaye kwake mimi ni Dada tu, si mgonjwa. Lakini kweli nimekuacha peke yako. Jumamosi nitakuwa nakuja nyumbani kukusuka. Sawa?"

"Sawa," Chiriku akasema, akamwegemea begani.

Kisha Dada akamgusa kwa kiwiko. "Yule msichana alikaa na wewe njiani muda mrefu. Alikuambia nini?"

Chiriku akafungua mdomo, akaufunga.

"Hayo ni yake."

"Hata mimi usiniambie? Dada yako wa tumbo moja?"

"Hata wewe. Hata Mama."

Dada alicheka mpaka Mama akatokea dirishani na ufagio wake. "Mwache asiseme," Mama alisema. "Mtu akikupa la moyoni mwake, amekuamini. Kulitunza ndiyo kazi yako. Chiriku wangu leo amekua."

Jumatano iliyofuata, hesabu ya waliokuja wiki iliyopita ilikuwa tisa. Chiriku alipanga viti tisa, akasimama mlangoni, akahesabu tena kwa kidole. Kisha akaleta cha kumi.