Ubao Mweusi wa Kwamboka

Katika nchi ya Kiarabu walikohamia, Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, na kila Ijumaa Kwamboka aliamka mapema, akapiga pasi gauni lake la kanisani na kumwandalia mama yake chai ya maziwa. Mama yake, Hannah, alikuwa muuguzi. Aliporudi kutoka zamu, ndege za asubuhi zilikuwa zikipita chinichini juu ya mtaa wao wa Al Thumama. Wakishakunywa chai, walikwenda ibadani katika mtaa wa Mesaimeer pamoja na Wakenya wenzao.

Ijumaa moja, baada ya ibada, watoto kumi kutoka Kenya na Uganda walialikwa kujifunza kuteleza kwa ubao katika ukumbi wa theluji, ndani ya jumba la maduka. Nje lami iliungua kwa jua. Ndani kulikuwa na kilima cheupe na baridi ya kuuma masikio. Kwamboka, msichana wa miaka kumi na miwili, alikwenda na Faridah, rafiki yake Mganda waliyeishi naye jengo moja. Kwa wiki mbili Kwamboka alikuwa akijigamba kwamba yeye ni fundi wa mchezo huo. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukanyaga theluji.

Mwalimu wao alikuwa Silvesta, kijana kutoka Eldoret. "Simama wima, fumba macho," alimwambia Kwamboka, kisha akamsukuma kidogo mgongoni. Mguu wa kushoto ulitangulia kumzuia asianguke. "Basi huo ndio utakaokaa mbele." Alisimamisha ubao mwekundu kando yake, ulimfika kifuani. "Anayeanza hupewa mfupi, unaopindika. Huu hugeuka upesi na hauna mbio nyingi. Mrefu na mgumu ni wa mtu mzima aliyekwisha kujua kusimama."

"Mwalimu, mimi naweza ule mweusi," Kwamboka alisema, akionyesha ubao uliomzidi kimo.

"Huo bado, dada. Anza na huu."

Silvesta alipopiga magoti kumkazia mtoto mwingine kamba za viatu, Kwamboka aliurudisha mwekundu na kuchukua mweusi. Alisimama kwenye mkanda unaopandisha watu, akafika juu kabla mwalimu hajainua kichwa.

Ubao ulishika kasi papo hapo. Alijaribu kugeuka, ukakataa. Alitaka kusimama, hakujua vipi. Chini, Faridah alikuwa ameketi akifunga ubao wake. Kwamboka alimpigia kelele aondoke, lakini alikwisha kumgonga. Faridah alijikunja, ameshika mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika.

Herbert, msimamizi wa ukumbi, alifika mbio. "Nani amekupa ubao wa mtu mzima?"

Kila mtu alikuwa akimtazama. "Mwalimu," Kwamboka alijibu.

"Sikumpa huo, bosi," Silvesta alisema. "Nilimpa mwekundu."

Lakini mwekundu ulikuwa umechanganyika na mingine, na Herbert hakutaka kusikia zaidi. Alimwambia Silvesta avue koti la kazi na aende nyumbani hadi uamuzi utakapotolewa, Alhamisi.

Jumatatu mama yake alisema, "Namhurumia Silvesta. Akifukuzwa, asipate kazi nyingine, itabidi arudi Kenya mikono mitupu. Ana mtoto mchanga huko anayemtegemea, ambaye hata hajawahi kumshika." Kwamboka aliingia bafuni, akafungua maji ili kilio chake kisisikike. Aliandika barua isiyo na jina, akaichana. Aliomba Mungu amsahaulishe Herbert, akaona aibu hata ya kumaliza ombi hilo.

Jumatano alasiri alikwenda kumwona Faridah, aliyekuwa ameketi na mkono umefungwa plasta. Kwamboka alimwomba msamaha kwa kumgonga.

"Mkono utapona," Faridah alisema. "Lakini nilikuona ukibadilisha ubao. Nimenyamaza nikingoja useme mwenyewe. Kesho ni Alhamisi, Kwamboka."

Alirudi nyumbani, akamkuta mama yake anakunja nguo, akamweleza yote. Mama hakumfokea. Aliendelea kukunja nguo moja baada ya nyingine, hata Kwamboka akatamani afokewe.

"Vaa viatu," mama alisema mwishowe.

Ofisini kwa Herbert, Kwamboka alisema kabla hajaulizwa. "Mwalimu alinikataza. Niliuchukua mwenyewe, halafu nikamsingizia."

Herbert alimkazia macho. "Wiki iliyopita ulisema vingine. Kwa nini nikuamini leo?"

"Siku ile niliogopa adhabu. Leo nimeijia."

Herbert alichukua simu na kumpigia Silvesta. Alimwomba radhi kwa kutomsikiliza, akamwambia arudi kazini asubuhi. Kwamboka alikatazwa kuingia ukumbini kwa miezi mitatu. Mama yake aliongeza adhabu yake: awaombe radhi wazazi wa Faridah ana kwa ana, kisha amnakilie Faridah masomo yote hadi plasta itakapotolewa. Alifanya hivyo kila siku, na siku za kwanza Faridah alipokea daftari mlangoni, asimkaribishe ndani.

Miezi mitatu ilipokwisha, marafiki hao wawili walirudi ukumbini. Kwamboka alimwendea Silvesta akiwa ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, mwalimu. Na sijui kuteleza. Sikuwahi kujua."

"Nilikwisha kukusamehe," Silvesta alisema. "Ila kulala kwangu wiki ile kulikuwa kwa shida, na nataka ulijue hilo. Ningekuchagulia ubao unaokufaa hata kama hujui lolote, maana kutojua si kosa. Kosa dogo ulilitenda ulipouchukua ule mrefu. Kubwa ulilitenda ulipofungua mdomo ukanitwisha lawama mimi. Ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."

Alimfungia ubao mfupi, akamshika mikono yote miwili. Kwamboka aliteleza hatua tatu, akaanguka. Faridah alicheka, akamnyooshea mkono uliopona, akamwinua.