Kipa na Kipa wa Akiba

Kila asubuhi kabla ya shule, Komeo alimsaidia mama yake kufungua karakana. Mama alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na makomeo ya milango, na binti yake ndiye aliyesugua kutu kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kwanza. Jina lake la utani lilianzia hapo karakanani, lakini lilikolea uwanjani. Alipokaa golini, watu walisema mlango umeshapigwa komeo.

Asubuhi moja shule zilikuwa zimefungwa, na Komeo alisugua kutu huku mfuko wake wa nguo ukimsubiri mlangoni. Alikuwa anakwenda kambini.

"Mama, utakuja kweli kwenye fainali?" aliuliza.

"Kwani mmeshafika fainali?" Mama alivua miwani yake myeusi ya kazi. "Mto hujauvuka, umeshaanza kumtukana mamba."

"Lakini tukifika?"

"Mkifika, karakana nitaifunga. Mwenye geti lake atasubiri."

Sauti ikasikika nje. "Hodi! Jamani, tunamsubiri kipa au tunamsubiri bibi harusi?"

Huyo alikuwa Ngazi, msichana mrefu, mwembamba, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Yeye naye alikuwa kipa. Tangu wakiwa wadogo walifanya mazoezi pamoja wakiazimana jozi moja ya glavu, mpaka glavu zenyewe zikachoka. Katika timu ya wasichana chini ya miaka kumi na saba, Komeo alikuwa kipa wa kwanza na Ngazi kipa wa akiba. Ngazi hakuwahi kunung'unika. Wenzake wakimtania kwamba kazi yake ni kupasha moto benchi, alijibu, "Akiba haiozi," na wote wakacheka.

Mwaka huo mashindano ya kimataifa ya soka ya wasichana yalifanyika katika mji wao. Timu zilitoka nchi za karibu na za mbali. Wengine lugha zao hazikueleweka kabisa, lakini penye mpira hapakosi mazungumzo, wakaelewana kwa mikono na vicheko. Timu ya wenyeji ilipewa bweni la chuo cha ualimu, na Komeo na Ngazi wakachagua vitanda vilivyopakana.

Wenyeji walishinda mechi za mwanzo. Katika nusu fainali walikutana na wageni wa jezi za kijani, wasichana wenye mbio zisizochoka. Wenyeji walikuwa wakiongoza kwa bao moja, na mpira ukikaribia kwisha, wageni wakapata kona. Mpira ulipigwa kwa kichwa, ukaelekea pembeni kabisa mwa goli. Komeo akaruka. Aliusukuma nje kwa ncha za vidole, kisha kichwa chake kikagonga mlingoti wa goli. Mlio wake ulisikika hadi kwenye benchi.

Muuguzi wa timu alikimbia uwanjani. "Unanisikia? Uko wapi hapa?"

"Niko golini kwangu, Dada. Niko sawa." Komeo akasimama, akapiga makofi kuwahimiza mabeki wake. Watazamaji wakashangilia. Muda si muda filimbi ya mwisho ikalia. Wenyeji walikuwa wamefika fainali!

Wenzake walipokwenda kula, Komeo alijifungia bafuni. Ngazi alimkuta huko ameinama, anatapika.

"Komeo! Una nini?"

"Funga mlango. Taa inaniumiza macho." Alijipangusa mdomo. "Nikikutazama, nawaona Ngazi wawili."

"Ngoja nimwite muuguzi."

Komeo akamkamata mkono. "Ukimwita, fainali sitacheza. Mama anafunga karakana kwa ajili yangu. Kesho kutwa nitakuwa nimepona. Niapie hutamwambia mtu."

Ngazi alisitasita. Alimtazama rafiki yake, akatazama mlango, akamtazama tena. "Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Naapa."

Kesho yake mazoezi yalikuwa mepesi. Hata hivyo, mipira ambayo Komeo angeidaka akiwa amefumba macho ilimponyoka. Ngazi akawa anaiokota haraka na kupiga kelele za utani ili kocha asitambue. Lakini jioni kocha alimwita Komeo ofisini. Muuguzi alikuwepo, na daktari wa mashindano pia.

"Umeanza lini kutapika?" kocha aliuliza.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa anajua jambo hilo.

Daktari alimtaka ataje miezi ya mwaka kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Alikwama njiani. Akatakiwa kusimama kwa mguu mmoja, akayumba na kushika meza. Daktari hakumkaripia. "Ubongo wako umetikisika, mwanangu. Dawa yake ni kupumzika, na utapona. Ila kichwa hicho kikigongwa tena kabla hakijapona, unaweza kulala chini usiamke. Hutacheza."

Komeo alirudi bwenini akiwa haoni mbele kwa machozi. Ngazi alikuwa amekaa kitandani, na kando yake imewekwa jezi namba moja.

"Kama ulikuwa unaitaka jezi yangu," Komeo alisema, "si ungeniomba?"

"Komeo, nisikilize kwanza..."

"Uliniapia! Kwa mdomo wako huohuo!"

"Niliogopa. Ulikuwa unadondosha hata mpira wa kurushiwa kwa mkono."

"Nani atakaa golini kwenye fainali? Nijibu."

Ngazi aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Komeo alisema. "Nilikuwa naisikia tu methali hiyo. Leo nimeiona kwa macho."

Alikunja godoro lake, akalihamishia upande wa pili wa bweni. Alilala akiutazama ukuta. Alikumbuka siri zote alizowahi kumpa Ngazi: kwamba radi humtetemesha mpaka leo, kwamba baba alipohama nyumbani, yeye hakulia mbele ya mama, alikwenda kulia kwa kina Ngazi. Alijiona mjinga. Siri hizo alimpa rafiki, na sasa hakujua amempa nani. Kichwa kiliuma, lakini moyo uliuma zaidi.

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Komeo alikaa benchi akiwa amevaa nguo za kawaida. Alikuwa amempigia mama simu kumwambia asihangaike kuja, lakini mama alitokea, akaketi nyuma yake.

"Si nilikwambia sichezi?"

"Mimi nilisema mkifika fainali. Mmefika," mama alijibu, akamwekea mkono begani.

Wapinzani wao walivaa jezi nyeupe. Mapema tu walipiga shuti la mbali, Ngazi akachelewa kuruka, na nyavu zikatikisika. Komeo alihisi furaha ikimpanda kifuani. Ona sasa, alijisemea. Halafu aliwaona mabeki wake wameshika viuno, na kijana aliyeshika bendera ya nchi yao ameishusha. Lile lilikuwa bao la kufungwa timu yake mwenyewe, na yeye analifurahia. Alijionea aibu, akatazama chini.

Kipindi cha pili wenyeji walisawazisha, na uwanja mzima ukawa kelele tupu. Kelele hizo ziliingia kichwani mwa Komeo mithili ya misumari. Ndipo wapinzani wakapiga mpira mrefu, wa juu sana, ukielekea golini. Kwa mazoea Komeo aliinua macho kuufuata.

Aliona mipira miwili.

Iliteremka sambamba, yote ya kweli, yote myeupe. Hakujua upi ni wa kudaka. Chini yake washambuliaji walikuwa wakiruka kwa magoti na viwiko. Ngazi aliruka katikati yao, akaudaka, akaanguka nao na kuukumbatia, na mshambuliaji mmoja akamwangukia kichwani. Aliinuka, akajikung'uta mavumbi, mchezo ukaendelea. Komeo alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Alielewa kwamba angekuwa yeye pale, asingeinuka.

Dakika za mwisho shuti la wapinzani lilimgonga beki wa wenyeji, likabadili njia na kuingia. Hakuna kipa ambaye angelizuia. Kombe likaenda kwa wageni.

Katika chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemsogelea Ngazi. Alikuwa ameketi pembeni, uso kwenye taulo.

"Angekuwepo Komeo, kombe lingekuwa letu," nahodha alisema kwa hasira.

"Mtu akimuuza mwenzake, baraka zitatoka wapi?" mwingine akadakia.

Komeo alikuwa mlangoni. Kama angetaka kulipiza kisasi, hakuhitaji kufanya lolote. Kunyamaza tu kungetosha. Na kweli alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ningekuwepo mimi, tungefungwa mengi. Naona mipira miwili. Leo, jana, tangu nusu fainali."

Wote wakageuka.

"Niliwaficha," aliendelea. "Muuguzi aliniuliza, nikamdanganya. Ngazi alijua kwa sababu alinikuta natapika. Nilimlazimisha aape."

Ngazi aliteremsha taulo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na mimi niseme," alisema. "Nilipokwenda kwa kocha, nilikuwa nakuogopea, Komeo. Hiyo ni kweli. Lakini nilitaka kucheza pia. Tangu utotoni nataka kucheza. Ndiyo maana nilichelewa kusema. Nilikuwa najiuliza kama namwokoa rafiki au naiba nafasi yake. Na sikuwa na ujasiri wa kukwambia wewe kwanza."

Kocha alikuwa amesikia yote. Aliingia, akavuta kiti, akaketi katikati yao. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Leo tumefungwa na timu nzuri, hilo mliache hapa," alisema. "Lakini lingine mwende nalo nyumbani. Komeo, mwili ukiumwa, useme. Ushujaa wa kuficha maradhi ni kujichimbia kaburi, na timu unayoidanganya huwezi kusema unaipenda. Ukamtwisha na mwenzako mzigo wa siri ambayo ingekuua. Hiyo haikuwa haki."

Komeo alitikisa kichwa kukubali.

"Ngazi, ulifanya vema kusema. Siri ya kuhatarisha uhai haina kiapo. Ila rafiki huambiwa usoni kwanza. Ungemwambia, 'Nakwenda kwa kocha, chukia ukitaka,' angekasirika, lakini asingejiona ameuzwa. Ukweli nao una njia yake ya kupita." Kisha akawageukia wengine. "Na nyinyi, kabla hamjamhukumu mtu, ulizeni."

Nahodha alikuwa wa kwanza kwenda kumpa Ngazi mkono. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Nje, basi la timu lilikuwa linangurumisha injini. Komeo alikaa dirishani, mbali na jua, kama daktari alivyomwelekeza. Ngazi alipanda wa mwisho. Akasimama kando ya kiti kilicho wazi, hajui akae au apite.

"Umenisamehe?" aliuliza.

Komeo alifikiri. Uongo ulikuwa umeshamchosha.

"Bado," alisema, akausogeza mfuko wake. "Lakini kaa."