Mate ya Ukoo

Karani wa ofisi ya vitambulisho aliita jina la ukoo, wakasimama wawili: binti fundi cherehani, gauni lake la buluu limeng'ang'aniwa na uzi mweupe begani, na kijana fundi viatu, vidole gumba vyeusi kwa rangi ya viatu.

"Nimeita mmoja!" karani alifoka.

"Atangulie yeye," kijana alisema. "Wanawake wa ukoo wetu hawapangi foleni."

"Ukoo wetu na nani?" binti aliuliza, lakini alikuwa anacheka. Kijana akautoa ule uzi begani, taratibu, asiuvute.

Miezi sita simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe usinidanganye, umekula nini?"

"Sauti yako."

"Mwone! Nenda ukale."

Kisha kijana akaja kuposa, na baba wa binti akakunja uso. "Jina moja, ukoo mmoja. Ndugu hawaoani. Nimemaliza."

"Baba, majina hufanana tu!"

"Hata sura hufanana. Kwa ndugu."

Binti alichoka kubishana. Akaenda maabara, akarudi na bahasha mbili, kila moja na kijiti chenye pamba. Vinasaba vya upande wa baba husomwa kwa wanaume, kwa hiyo wangepimwa baba na kijana.

"Nisuguliwe shavu kama sufuria?" baba aling'aka.

Mteja akabisha hodi kwa ajili ya sketi yake. Binti akatoka, akawaacha wanaume wawili na vijiti vyao. Aliporudi, bahasha zote zilikuwa zimefungwa.

Majibu yalikuja: ukoo mmoja, bila shaka yoyote. Jioni ile kijana alipiga simu.

"Pole, dada."

"Umeniitaje?"

"Dada. Afadhali tuzoee mapema."

"Zoea peke yako!" Akakata simu, akashona mkono wa blauzi nyuma mbele, akafumua, akashona tena vilevile.

Kijana hakupiga tena. Ila asubuhi moja viatu vya baba, alivyokuwa amevipeleka kibandani kwa kijana kabla ya majibu, vilikutwa mlangoni, soli mpya, vimeng'arishwa mpaka visiginoni. Baba alivivaa. Siku nzima alikuwa akiviangalia.

Wiki ya tatu binti alirudi maabara na karatasi yake. "Niambieni basi, ni undugu wa kiasi gani? Wa karibu au wa mbali?"

Mpimaji alichukua karatasi, akarudia kupima mate yaliyohifadhiwa, safari hii vinasaba vyote, si vya upande wa baba pekee. Siku mbili baadaye alimpigia. "Dada, hawa si ndugu. Huyu ni mtu mmoja, kajipima mara mbili."

Binti aliingia nyumbani bila kuvua viatu. "Baba!"

Mzee aliinamia soli zake mpya. "Alinionyesha namna ya kusugua, shavuni mwake. Kwa kijiti changu. Akataka kwenda kuomba kingine, nikamwambia ninacho cha akiba. Nikakitia kilekile kwenye bahasha."

"Kwa nini?"

"Mate yalikuwa yameshaingia. Nami nikasema, ukoo mmoja, mate yaleyale, nijisumbue ya nini?"

"Baba! Hicho ndicho tulichokuwa tunapima!"

Safari hii mzee aliachama mwenyewe, binti akamshikia kidevu. Majibu yaliposema hawana undugu wowote, baba ndiye aliyedai simu.

"Wewe si mwanangu," alimwambia kijana.

"Nimesikia, baba."

"Basi njoo uwe. Na viatu hivi, ahsante. Havinibani."

Binti akaichukua simu. "Niite tena dada, uone."

"Mpenzi," kijana alisema. "Mpenzi, mpenzi, mpenzi."

Siku ya kuandikisha ndoa, karani alikuwa yuleyule, sasa kwenye dawati la ndoa, na foleni ileile. Akaita jina la ukoo, wakasimama wawili. Akainua kichwa kufoka, akaiona mikono yao imeshikana, kidole gumba cheusi juu ya kilichochomwachomwa na sindano.

"Haya," alisema, "njooni wote."