Saa Saba ya Nani?

Walilishika kopo kwa pamoja. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika mafundi, kila mmoja akidai misumari yake kwa sauti, na kwenye rafu lilibaki kopo moja tu la rangi nyekundu.

"Kaka, achia," alisema mwanamke. Alivaa gauni la kijani lenye vumbi la chaki kiunoni. Mwalimu, hakuna haja ya kuuliza.

"Dada, nina kazi nayo. Napaka nguzo ya kupimia maji ya mto."

"Na mimi napaka milingoti ya goli. Wanafunzi mia mbili wananisubiri. Wewe anakusubiri nani?"

"Mto."

Mwalimu akacheka, na yule kaka, mtafiti wa mito, shati limechomekwa upande mmoja tu, akasahau hata misumari aliyotumwa na ofisi.

"Shule yetu iko ukingoni mwa huo mto wako," mwalimu akasema. "Simika nguzo yako pale, wanafunzi wakupimie. Rangi tutagawana."

Ndivyo ilivyoanza. Wanafunzi walipewa daftari: kila maji yakipanda, waandike sentimita na saa. Wazazi nao walimwonyesha mtafiti alama za mafuriko kwenye kuta zao, wakibishana ya nani iko juu zaidi. Na jioni simu zikawa ndefu.

"Bwana Sentimita, umekula?"

"Sijala. Nasubiri vipimo."

"Vipimo au sauti yangu?"

"Vyote, mpenzi. Anza na sauti."

Mvua ya kwanza ikatia mchanga kitumbua. Mtafiti alifika darasani uso umekunjamana. Mashine yake ya kupimia maji, iliyofungwa kwenye daraja lililo juu zaidi mtoni kuliko shule, ilionyesha kwamba maji yalipanda 11:00. Daftari la wanafunzi lilisema yalifika shuleni 7:00.

"Maji yamefika kwenu kabla ya kupita darajani? Tangu lini maji yakapanda mlima? Wanafunzi wako wanajitungia."

"Rudia."

"Nasema wana..."

"Nilikuwa nao pale ukingoni, nimelowa chapachapa. Kwa hiyo na mimi najitungia?"

Hapo mwanamume mwenye akili huomba radhi. Huyu alifungua kompyuta. Kompyuta ikapiga hesabu zake, ikasema maji huchukua saa sita kutoka darajani hadi shuleni, naye akaukata mstari wa wanafunzi kwa kalamu mbele ya macho yao, akaondoka na daftari. Jioni hiyo, kwenye simu ya mwalimu, jina la Bwana Sentimita likabadilishwa likawa "Usipokee".

Wiki tatu baadaye mbingu zikafunguka. Saa nne asubuhi mashine ya darajani ilianza kulia, na mtafiti akatuma ujumbe kwenye simu ya shule: maji yanakuja, mna mpaka saa kumi alasiri. Lakini moyo haukutulia. Alilivuta lile daftari, pengine kwa sababu tu mwandiko wa mwalimu ulikuwa kwenye jalada. Chini ya mstari alioukata, mwanafunzi alikuwa ameandika: *Tulipima tulipotoka kula chakula cha mchana.*

Nani anakula chakula cha mchana saa moja asubuhi?

Akaisoma upya ile 7:00. Saba ya daftari ilikuwa saa saba mchana, saa ileile aliyofundishwa na mama yake mzazi, kabla hajazoea kusoma saa za mashine. Na 11:00 ya mashine ilikuwa saa tano. Kutoka tano mpaka saba ni saa mbili. Maji yangefika shuleni saa sita, na sasa ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Alimpigia mwalimu mara nne. Hakupokea. Akapiga simu ya shule, ambayo ilikaa jikoni kwa mpishi kwa kuwa ndiko kulikokuwa na soketi nzima.

"Mwalimu kasema kama ni wewe, hayupo," mpishi alijibu.

"Mama, nakuomba..."

"Hata ukilia, baba. Hayupo, na yuko hapa mbele yangu."

"Mwambie wanafunzi wake walikuwa sahihi! Mwongo ni mimi! Maji huchukua saa mbili kufika, siyo sita. Yanafika saa sita hii ya mchana, mama, tokeni!"

Simu ikabadili mkono, ikaja ile sauti aliyoikosa wiki tatu. "Una uhakika?"

"Naogopa, mpenzi. Watoe."

Mwalimu hakuwahi kumsikia akijibu swali la maji bila tarakimu, na hilo ndilo lililomtisha. Aligonga kengele kwa nguvu zake zote. Wanafunzi wakashikana mikono kupanda mteremko kuelekea ghala la mbao, tope likamvua mwalimu kiatu, asigeuke kukitafuta. Alihesabu kwa sauti mpaka akafika mia mbili. Ndipo akagundua mpishi hayupo. Akapiga yowe. Mpishi akatokea chini ya mteremko, maji yamemfika magotini, sufuria kichwani.

"Sikuweza kuiacha," alisema, meno yakigongana.

Mtafiti alipofika pembeni ya uwanja, maji yalikuwa yamemeza kila kitu isipokuwa paa na ncha za milingoti myekundu. Hapakuwa na mtu. Aliita mpaka sauti ikakauka, kisha akapanda mteremko akilia waziwazi, na kwenye ngazi za ghala akamwona, gauni limejaa tope, mguu mmoja peku.

"Mia mbili," mwalimu alisema. "Na mpishi."

Mtafiti akapiga magoti. "Nisamehe."

"Siyo mimi. Wao."

Akawageukia wanafunzi, akawaomba msamaha, akatoa daftari lao alilokuja nalo, akauandika upya ule mstari mbele yao. Halafu akamwambia mwalimu kwa sauti ya chini, "Nataka kuja kwenu. Kumwona mama yako. Nataka nikuoe."

Mwalimu akakamua tope kwenye upindo wa gauni. "Jumapili. Saa nne."

"Saa nne ya nani?"

"Lete daftari hapa, andika. Na pembeni uongeze: walipotoka kunywa chai ya asubuhi."

Akaandika yote mawili.